Kesi ya Afande Wetu

Niliitwa kuwa mkalimani wa korti kwa sababu mama yangu alizaliwa Isiolo. Sababu nyingine haikuwepo. Sikuwa nimesomea kazi hiyo wala sikuwa nimeiomba. Nilikuwa taipisti. Kazi yangu ilikuwa kuchukua mwandiko wa hakimu, uliofanana na nyayo za kuku aliyetoka kwenye matope, na kuugeuza kuwa kurasa safi za kusomwa na wakubwa, kama wangetaka kuzisoma. Asubuhi moja hakimu alinisimamisha mlangoni.

"Wewe, si nimesikia mama yako ni Mborana?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na lugha unaijua?"

"Naijua ya jikoni, Mheshimiwa."

"Hiyo inatosha," akasema. "Hata huyo shahidi ni mama wa jikoni tu."

Ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vimesharudi, na wageni waliokuwa wakitupa misaada walikuwa wameanza kuuliza maswali kuhusu mambo yaliyokuwa yakitendeka kaskazini. Walituma barua, wakatuma watu wenye kofia na madaftari. Basi serikali ikaona heri ionyeshe kwamba inaweza kuwashtaki watu wake yenyewe bila kusukumwa. Ikatafuta mtu wa kushtaki. Ikampata mmoja.

Korti yetu ilikaa katika ghala la zamani la kahawa, ukitoka Ruiru kwenda Thika. Jina lake silitaji, na jengo lenyewe siku hizi halipo. Ukutani kulikuwa bado na alama za magunia, na siku za jua kali maganda makavu yalinuka mpaka mawakili wakapiga chafya. Kesi ililetwa pale kutoka mamia ya kilomita. Walisema ni kwa sababu huku watu hawana uchungu na jambo lenyewe. Hilo lilikuwa kweli kuliko walivyodhani. Huku hakukuwa na ndugu hata mmoja wa marehemu wa kukaa kwenye viti vya nyuma na kulia.

Marehemu walikuwa watatu. Walipigwa risasi kisimani wakinywesha mbuzi, wakati wa oparesheni ya kutafuta bunduki. Mshtakiwa alikuwa afande mkuu wa kikosi kilichotumwa huko. Faili ilipofunguliwa ilisema mauaji. Ilipofika kwetu ilikuwa imepungua njiani, ikasema kuua bila kukusudia. Chini yake kulikuwa na shtaka la pili: afande alipewa risasi ishirini za serikali, akarudisha tisa, na hakueleza kumi na moja zilikwenda wapi. Mimi ndiye niliyeyachapa mashtaka hayo, yote mawili kwenye karatasi moja, moja juu na lingine chini, kana kwamba hayajawahi kukutana.

Siku ya kwanza afande alikuja na Landrova ya serikali, akiendeshwa na dereva wa serikali. Alikuwa ndani ya sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Askari wa mlangoni alipomwona alikakamaa akampigia saluti, halafu akakumbuka kazi yake, akamwonyesha njia ya kizimbani. Kiongozi wa mashtaka, inspekta mwenye cheo cha chini kuliko mshtakiwa, alikuwa amekunja sweta yake na kuiweka juu ya benchi la kizimba ili afande asikalie mbao tupu.

"Afande," alisema inspekta, "samahani sana, kama hutajali, simama kidogo tusome mashtaka."

Hakimu alikohoa akaangalia dirishani. Afande alisimama kidogo.

Viti vya nyuma vilijaa. Mke wa afande alikuwa mtu wa huku, na walikuwa wamejenga nyumba Gatongora, mtaani kwangu, kwa hiyo nusu ya kikundi cha akina mama wa kanisa walikuja na mablanketi ya kukalia na thamosi za chai. Mwenye nyumba wangu alikuwa miongoni mwao. Nilipanga chumba kwake, na alikuwa mwanamke mwema kwa mambo mengi. Nilipougua alinipikia uji siku nne. Wakati wa mapumziko alimpelekea afande chai na mandazi, akamfuta makombo kwenye sare kwa kona ya leso yake.

Jioni hiyo alinikuta nikianika nguo.

"Umeona vile wanamsumbua afande wetu?" akasema. "Mtu anatulinda, halafu anawekwa kizimbani kama mwizi wa kuku."

"Watu watatu walikufa, Mama."

"Hao si ni mashifta, majambazi wa nyikani?"

"Mmoja alikuwa na miaka kumi na saba."

"Haiya! Kwani shifta huzaliwa akiwa mzee?"

Akaondoka akiimba wimbo wa ibada. Nilikuwa na tabia ya kupata majibu mazuri mtu akishaondoka, na kwa miaka mingi nilidhani huo ni upole.

Shahidi alifika wiki mbili baadaye. Alikuwa mama mzee, mwembamba, amejifunga mtandio mweusi uliokwisha rangi, na alikuwa amesafiri siku mbili juu ya lori la mbuzi. Wawili kati ya wale waliokufa kisimani walikuwa wanawe. Nilimsalimu kwa Kiborana. Aliniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani, sketi yangu ya ofisi, viatu vyangu vya kisigino, akaniuliza nani aliniiba kutoka kwao nikiwa mdogo. Nikamwambia mama yangu anakaa Majengo, Thika. Akacheka. Kuanzia hapo nilimwita Akko, kama tunavyowaita bibi zetu.

Siku hiyo kesi haikusikizwa. Inspekta alisimama akasema faili ya polisi imeachwa ofisini na mwenye ufunguo yuko likizo. Hakimu akaahirisha kwa wiki tatu. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Nikamweleza Akko.

"Wiki tatu nikae wapi?" akauliza.

Nikamuuliza inspekta. Inspekta akasema upande wa mashtaka hauna fungu la mambo hayo. Nikamuuliza karani mkuu. Akasema shahidi ni wa upande wa mashtaka, amuulize inspekta. Wakati huo mwenye nyumba wangu na wenzake walikuwa wakimmiminia afande chai chini ya mti wa mwarubaini, na Akko ameketi kwenye ngazi za ghala na kifurushi chake magotini, hajapewa hata maji. Hakuna aliyemfukuza. Walipita kando yake tu, wakiinua sketi zisimguse.

Nikampeleka kwa mama.

Nataka nieleweke hapa. Nilijua kwamba mkalimani hapaswi kuwa na uhusiano na shahidi. Nilikuwa nimeapa hivyo na kiapo nilikichapa mwenyewe. Nilijiambia kwamba mimi nalala Gatongora, yeye atalala Majengo, na kwamba ukarimu wa mama yangu si jambo la korti. Pia nilijisikia mtu mzuri sana. Katika korti ile nilijiona mimi peke yangu ndiye mwenye moyo, na mtu anayejiona hivyo haangalii anapokanyaga.

Mama alimpokea kama dada aliyepotea. Walikaa uani wakichambua mchele na kutaja majina ya watu na visima mpaka jua likahama ukuta. Kuhusu kesi hawakusema neno. Nilipouliza, mama alinikemea. "Kuna watu waliomwita aseme. Atawaambia wao. Wewe usimchokoe."

Wiki tatu zikapita, na siku ikafika. Akko aliitwa kizimbani kuapa. Msahafu wa korti ulikuwa umefungwa kwa kitambaa ndani ya droo ya mihuri. Kabla ya kuugusa aliomba maji atawadhe. Hakimu akaangalia saa yake. Askari alitumwa akarudi na maji kwenye kopo la rangi, na Akko alinawa polepole, mikono, uso, miguu, huku mawakili wakipigapiga kalamu mezani. Halafu aliinua macho akamtazama afande kwa mara ya kwanza.

"Amenenepa," akasema.

Nikatafsiri. Watu wa viti vya nyuma wakacheka. Hakimu hakuliandika.

Alisimulia bila kuharakisha. Alisema walikuwa kisimani asubuhi, yeye, wanawe wawili na mkwe wa jirani. Magari yakaja. Afande alishuka akaomba maji, naye akamchotea kwa kikombe chake cha bati. Akanywa, akasema asante, akakirudisha kikombe mkononi mwake. Baada ya hapo ndipo akauliza bunduki ziko wapi. Wale vijana walikuwa na fimbo za kuchungia. Akawaamuru walale kifudifudi, wakalala. Mdogo aligeuza uso kumwangalia mama yake, na Akko alimwambia geuka, fanya kama wanavyosema, wataondoka sasa hivi.

Hapo risasi zikalia. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia ageuke."

Niliyatafsiri yote, na nikitafsiri nilikuwa nikitazama kalamu ya hakimu. Ilikuwa haiendi. Iliandika kidogo, ikasimama, ikasubiri, ikaandika kidogo tena. Niliuzoea mwandiko ule hata nikiwa nauona juu chini. Mistari mitatu. Mshtakiwa alifika kisimani. Aliuliza silaha. Risasi zililia.

"Mheshimiwa," nikasema, "amesema pia kwamba walikuwa wamelala chini. Na kuhusu kikombe."

Hakimu aliniangalia juu ya miwani. "Mkalimani, kazi yako ni kutafsiri. Ukitaka kutoa ushahidi tutakuapisha."

Watu wakacheka tena. Afande pia alitabasamu, si kwa ubaya, kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto wa mwenziwe aliyekosea mezani.

Wakili wake alisimama kumhoji. Alikuwa wakili wa Nairobi, mtu wa sauti ya chini na viatu vizuri, na nilikuwa nimejiandaa kwa makali. Hakuwa na makali hata kidogo.

"Mama, pole sana kwa msiba," akasema. "Sina maswali mengi. Umetoka mbali. Tangu uje huku, unalala wapi?"

Niliuliza swali hilo kwa Kiborana, nikijua jibu lake. Akko hakuona ubaya wowote. Alinionyesha kwa kidevu.

"Kwa mama ya huyu anayesema maneno yangu," akasema. "Ni watu wazuri. Wamenipa kitanda."

Korti ilinisubiri. Ningeweza kusema "kwa jamaa zake". Ningeweza kusema "Majengo". Hakuna mtu ndani ya ghala lile ambaye angejua, isipokuwa yeye, na yeye hakujua Kiswahili, au hivyo ndivyo tulivyodhani. Nilifikiria hayo yote kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikatafsiri neno kwa neno, hata lile la watu wazuri, kwa sababu kama ningeanza kuchagua maneno, ningekuwa sawa na ile kalamu.

Safari hii hakimu aliandika kila kitu. Nilimwona akikoleza mstari chini yake.

Wakili hakupaza sauti. Aliomba tu korti ijiulize kama ushahidi unaopitia mdomo wa mwenyeji wa shahidi unaweza kuitwa ushahidi. Nilimgeukia inspekta. Yeye ndiye aliyekuwa upande wa Akko, angalau kwenye karatasi. Angeweza kusema kwamba ni yeye aliyemwacha bibi wa watu kwenye ngazi. Inspekta alisimama, akavuta koti lake chini, akasema, "Mheshimiwa, hata upande wa mashtaka umeshtuka."

Ushahidi wote wa asubuhi ile ukafutwa. Mimi nikaondolewa, na kesi ikaamriwa ianze upya na mkalimani mwingine. Mwenye nyumba wangu alinipita mlangoni akitikisa kichwa. "Nilikwambia ukae mbali na watu hawa," akasema. Hakuwa ameniambia hivyo kamwe.

Nje, ilinibidi nimweleze Akko. Nilimwambia kosa ni langu, kwamba nilijua sheria na nikaivunja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule mtu wa miwani hakunisikia?"

"Alikusikia. Lakini inahesabiwa hakusikia."

"Kwa sababu nililala kitandani."

"Ndiyo, Akko."

"Ningelala njiani angenisikia?"

Nilianza kulia, na akaniambia nisilie pale, wale wa thamosi wanatazama.

Alirudi kwao, na baada ya miezi miwili akaja tena kwenye lori. Safari hii mama alimtafutia mahali kwa mjane mmoja wa Witeithie, mtu asiyejuana na korti wala na mimi. Mimi nilikaa viti vya nyuma, mwisho kabisa. Mkalimani mpya alikuwa askari. Aliwahi kukaa kaskazini miaka minne, katika kikosi kilekile cha afande, na huko ndiko alikookota Kiborana chake. Alipoingia alimpigia mshtakiwa saluti. Hakuna aliyeona ajabu. Kumpa shahidi kitanda kulikuwa uhusiano. Kufanya kazi chini ya mshtakiwa kulikuwa uzoefu.

Akko aliomba maji tena. Akanawa tena. Akaanza tena: kisima, magari, kikombe. Kiborana cha yule askari kilikuwa cha kuulizia njia na kuamrisha watu. Kila mara alimkatiza amalizie haraka. Akko alifika mahali pa vijana na fimbo zao, na askari akamgeukia hakimu.

"Anasema vijana walikuwa na silaha, Mheshimiwa."

Akko aliinua mkono.

"Silaha hapana," akasema. Alisema kwa Kiswahili.

Hakujua Kiswahili, hilo lilikuwa kweli. Hakuweza kununua chumvi kwa Kiswahili. Lakini neno lile alilijua. Kila gari la askari lililowahi kufika kijijini kwao lilikuja na neno hilo, leta silaha, silaha iko wapi, na alilijifunza, pamoja na hapana na fimbo, kama mtu anavyojifunza jina la ugonjwa.

"Silaha hapana," akarudia. "Fimbo."

"Mama, nyamaza," hakimu akasema. "Korti imeandika kwamba hujui Kiswahili. Ongea lugha yako, mkalimani atatueleza."

Askari akatafsiri amri hiyo vizuri sana.

"Fimbo," Akko akasema.

"Mwambie ajibu kupitia kwako."

"Fimbo."

Alilisema mara nyingi, sijui ngapi, bila kupandisha sauti, akimtazama hakimu na kalamu yake. Kuna mtu nyuma alianza kucheka akaacha. Mwishowe hakimu alisema shahidi anaonekana amechoka na hawezi kuendelea, inspekta akasema upande wa mashtaka hauna shahidi mwingine, na wote wawili wakakusanya karatasi zao kwa furaha ya watu wanaowahi chakula cha mchana. Nilimkuta Akko bado amesimama kizimbani. Hakuna aliyekuwa amemwambia ashuke.

Hukumu ilisomwa baada ya siku kumi. Akko alikataa kuondoka kabla ya kuisikia. Nilikaa kando yake nikimnong'oneza. Hilo hawakunikataza, kwa sababu halikuwa na maana tena kwao.

Hakimu alisoma kurasa tano kuhusu ugumu wa kazi ya askari, kuhusu nyika, kuhusu maadui wasiovaa sare. Alisema katika shtaka la kwanza mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Akina mama wa kanisa wakaanza kupiga makofi, hakimu akawanyamazisha kwa mkono, akageuza karatasi. Hapo sauti yake ikabadilika, ikawa kali. Alisema risasi ni mali ya umma. Alisema kila risasi imenunuliwa kwa jasho la mwananchi wa kawaida, na kwamba ofisa anayepoteza risasi kumi na moja asijue zilikokwenda ameonyesha uzembe ambao korti haiwezi kuufumbia macho. Katika shtaka la pili alimkuta na hatia. Akamwachilia kwa onyo, asirudie kosa ndani ya mwaka mmoja.

Nataka kusema kwamba afande alifurahi, lakini hakufurahi. Alikunja uso. Alimwegemea wakili wake na nikamsikia waziwazi: "Hiyo itabaki kwenye faili yangu?" Aliumia kweli. Miaka yote ya utumishi, na sasa aandikwe mzembe.

Akko alinivuta mkono. "Amesema nini huyo? Mbona amekasirika?"

"Wamemkuta na hatia ya kupoteza risasi, Akko. Ya vijana wamesema hana kesi. Ya risasi anayo."

"Wanasema zimepotea?"

"Kumi na moja. Wanasema hakuna anayejua zilipo."

Alifikiri kidogo. "Hazikupotea," akasema. "Mimi najua zilipo. Waambie. Kama wanazitaka, twende nao nikawaonyeshe."

Alimaanisha makaburi. Hakuwa akifanya mzaha wala akitafuta maneno ya kuumiza. Watu hawa wakubwa walikuwa wamepoteza kitu, wanakitafuta kwa hasira, naye alijua kilipo.

Nikasimama. "Mheshimiwa," nikasema kwa sauti, "shahidi ana la kusema kuhusu risasi."

Hakimu alikuwa ameshainuka. Alinitazama, na nadhani alielewa mara moja ni nini, kwa sababu aliondoa macho haraka. "Korti imekwisha," akasema, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Askari akaja akanishika kiwiko. Nje, akina mama waliimba, na mmoja alimvisha afande shada la maua ya karatasi.

Mama na mimi tulimsindikiza Akko hadi kwenye malori, Thika. Mama alimpa shuka na kilo mbili za sukari. Walikumbatiana kwa muda mrefu. Mimi alinishika uso kwa mikono yake miwili akaniambia niolewe, nimekonda.

Wiki mbili baadaye nilipewa barua ya uhamisho kwenda korti moja mpakani mwa nchi, mbali na kila mtu niliyemjua. Barua yenyewe walinipa niichape mimi. Niliichapa bila kosa, nikaiweka mezani kwa karani mkuu, nikaenda nyumbani, sikurudi tena. Nilihama Gatongora pia. Mwenye nyumba alilia nilipoondoka, na nadhani alikuwa akilia kweli. Picha ya afande akiwa na shada lake ilikuwa imetundikwa sebuleni kwake, juu ya redio. Muda si mrefu afande akapandishwa cheo. Lile doa lililomtia uchungu kwenye faili halikumzuia kuwa mgeni wa heshima kila shule iliyogawa zawadi.

Salamu za Akko zilikuja na wenye malori kwa miaka kadhaa, pamoja na samli ndani ya chupa ya soda. Halafu mwaka ule wa mvua zisizokatika, barabara ya kaskazini ikafungika miezi mingi, na ilipofunguka tukaambiwa alishazikwa, kando ya wanawe.

Wakati huo nilikuwa nimefungua kijiduka cha kuchapa katika mtaa wa Kahawa Wendani. Wanafunzi wa chuo walileta kazi zao za mwisho wa mwaka, na mimi na mashine yangu tulizisafisha. Siku moja akaja kijana anayesomea sheria, mpole, mwenye haraka, akaniachia kurasa za mkono. Niliendelea kuchapa bila kuwaza, kama kawaida, mpaka nikafika ukurasa wa thelathini na kitu. Hapo aliandika kuhusu nchi zenye ujasiri wa kuwahukumu askari wao wenyewe, na mfano wake wa kwanza ulikuwa kesi ya afande wetu. Alisema korti ilisikiliza pande zote, ikachambua ushahidi bila woga, na ikamtia hatiani ofisa mkubwa. Ni kweli, alitiwa hatiani. Kijana hakudanganya hata sentensi moja.

Aliporudi nilimuuliza, "Wewe, faili ya kesi hii uliisoma?"

"Nilisoma hukumu, madam."

"Hukumu yote?"

"Ile ya mwisho. Si imeandikwa *guilty*?"

Nikamwambia aketi. Nilimweleza yote: kisima, kikombe, kitanda, fimbo, na kile Akko alichotaka kuwaonyesha. Alisikiliza, hata akaweka begi chini. Nilipomaliza alikuna shingo.

"Hiyo ni noma," akasema. "Lakini madam, hii kitu inatakiwa Friday. Na hiyo story yako haiko kwa rekodi. Nikiiandika, lecturer ataniuliza nimeitoa wapi."

"Mwambie umeitoa kwangu."

"Na wewe ni nani?"

Hakuwa na dharau. Alitaka kujua aandike nini chini ya ukurasa, mahali pa kutaja alikotoa habari. Nikamwambia nilikuwa mkalimani wa kesi hiyo. Akauliza kama jina langu liko kwenye rekodi. Nikamwambia nilifutwa pamoja na ushahidi.

Akaniangalia kwa huruma, kama vile nimemwambia nina ugonjwa.

Nilimchapia kurasa zote isipokuwa ule mmoja wa afande. Nilimrudishia kama ulivyokuwa, kwa mwandiko wake, nikamwambia huo aupeleke kwingine. Hakubishana. Mtaa ule ulikuwa na mashine nyingine tatu, na ya jirani yangu ilikuwa mpya kuliko yangu. Nilimwona akivuka barabara na karatasi yake, akaingia pale, na baada ya kitambo kifupi akatoka na ukurasa uliochapwa, akiupuliza wino ukauke.